Sekunde Saba Zilizokonda

Tulimwacha Sikio ameganda mbele ya kompyuta, kidole juu ya kitufe, na skrini nyeusi tititi.

Sauti ilikuwepo. Hilo ndilo lililouma. Mama mkwe wa kwenye filamu alikuwa anatukana vizuri kabisa, vijiko vinagonga sahani, mlango unabamizwa. Lakini picha? Giza tupu.

Wiki nzima mmetuandikia. Mmoja anasema umeme ulikatika. Ndugu yangu, umeme ukikatika sauti ingetoka wapi, tumboni mwa Sikio? Mwingine anasema binti alipofuka ghafla kwa kijicho cha watu. Huyo tumemsamehe, anasoma hadithi nyingi.

Umeme ulikuwepo, na macho ya Sikio yalikuwa mazima. Alikuwa anaona hata vile ambavyo hakutaka kuviona: watu watatu waliosimama nyuma yake, wakijionyesha kwenye ule weusi wa skrini kama kwenye kioo.

Wa kwanza Mama Kata, mwongozaji wa filamu, mwanamke anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Jina hilo alipewa na waigizaji wake, maana "kata!" hulisema mara mia kwa siku, na "asante" hatujapata bado kumsikia.

Wa pili Mkasi, mhariri wake wa picha, bwana mwembamba aliyeikumbatia laptopu yake kama kichanga.

Wa tatu ndiye mwenye studio: Mjomba. Ni mjomba wa Sikio kweli, kaka wa mama yake tumbo moja. Kwa mji mzima ni Maestro, cheo alichojipa mwenyewe asubuhi moja na kukichapisha kwenye kadi kabla ya chakula cha mchana. Huyu alikuwa anatabasamu.

Miaka sita Sikio ametunga muziki ndani ya chumba hiki chenye trei za mayai ukutani na blanketi dirishani. Miaka sita muziki huo umetoka mlangoni ukiitwa wa Maestro. Filamu kumi na moja! Jina la Sikio halipo hata kwenye moja, hata kule mwisho kabisa ambako wapishi hushukuriwa.

Safari hii Mama Kata alikuwa ametoa neno. Muziki utakaokuwa chini ya filamu ikigonga saa kumi kamili, aliyeutunga ndiye atakayeandikwa. Saa kumi na moja wenye majumba ya sinema wanaitazama. Wa Sikio usipokuwa tayari, utawekwa ule wa Maestro wa kwenye kabati, muziki mkongwe uliokwisha kulia katika harusi tatu na tangazo moja la sabuni.

Saa ilikuwa nane na dakika kumi.

"Filamu yangu iko wapi?" Mama Kata akauliza.

"Ipo, Mama. Si unaisikia?"

"Mimi sikutengeneza redio."

Mjomba akacheka kile kicheko chake cha adabu, cha kukohoa kidogo. "Mpwa wangu ana kipaji, hilo silikatai. Ila kompyuta nazo zina roho. Zikiona muziki hauendani na picha, zinasusa."

Isomeni tena sentensi hiyo, taratibu. Mtu huyo amewahi kufundisha darasa la watu arobaini na kuwapa vyeti.

"Haijasusa muziki," Sikio akasema bila kugeuka. "Imekataa faili. Mkasi, filamu uliifunga kwa mtindo gani?"

"Ule mpya," Mkasi akajibu kwa majivuno. "Inabanwa mpaka filamu nzima inaingia kwenye flashi moja. Ni ya kisasa kabisa."

"Basi ndiyo hapo. Programu yangu ni ya muziki. Kwenye picha inajua mitindo miwili mitatu ya zamani, imewekewa kama kidirisha cha kuchungulia tu. Hiyo yako inasikia sauti, lakini picha haijui kuzifungua."

"Kwa hiyo filamu yangu ni ya kisasa mno kwa studio yenu," Mama Kata akasema, na neno studio akalitamka kama mtu anayeokota soksi isiyo yake.

Mjomba akaona nafasi. "Sogea, mwanangu. Sogea uone kazi."

Akaketi. Akakunja mikono ya shati. Akavialisha vidole kimoja kimoja, kwa, kwa, kwa. Kisha mbele ya mashahidi, mtu mzima mwenye mvi ndevuni akalibofya jina la faili, akafuta herufi tatu zilizokuwa baada ya nukta, na mahali pake akaandika MP4.

"Nimelibadilisha," akatangaza. "Sasa ni MP4. MP4 inafunguka popote, hata kwenye simu ya bibi."

Mama Kata, masikini, akaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

"Mjomba, hujabadilisha kitu. Umebadilisha jina."

"Jina ndilo kila kitu, mpwa wangu."

"Haya, chukua gunia la simenti, libandike karatasi iliyoandikwa sukari. Halafu ukoroge chai unywe."

"Watoto wa dada yangu kwa mifano!" Mjomba akasema, akabonyeza.

Programu ikafikiri. Kiduara cha kusubiri kikazunguka, kikazunguka, kikachoka. Mara programu nzima ikajifunga, fwaa! Wiki tatu za muziki wa Sikio zikatoweka kwenye skrini.

Mama Kata akashika kifua. "Kazi imepotea?"

"Imepotea," Mjomba akasema, haraka kidogo, na kwa furaha kidogo pia. "Jamani, pole sana, mpwa wangu."

"Haijapotea," Sikio akasema. "Niliihifadhi."

Ukiishi na Mjomba miaka sita, unahifadhi kazi kama unavyovuta pumzi.

Akamwinua mjomba wake kitini, kwa adabu, kwa kiwiko. Akaifungua kazi yake upya. Kisha akafungua programu nyingine, ile ya bure ya kugeuza mafaili ya picha, akaitupia filamu ya Mkasi ndani. Mashine ikapiga hesabu na kutoa jibu: saa moja na dakika ishirini.

Mama Kata akasoma juu ya bega lake. "Kutoka sasa hiyo ni saa ngapi?"

"Kama tisa na dakika arobaini, Mama. Filamu ni ndefu na picha zake ni nzito."

"Halafu hapo ndipo uanze kazi?"

Mjomba alikuwa ameshachomoa simu mfukoni. "Mimi ninayo ya kwenye simu. Dakika kumi tu."

"Mjomba, hiyo ni ya kutumiana video za harusi."

"Na harusi si filamu?"

"Dakika kumi," Mama Kata akaamua. "Fanyeni hiyo ya dakika kumi."

Nanyi mnaocheka huko mlikokaa, mngefanya hivyo hivyo.

Saa nane na nusu filamu ikarudi kutoka kwenye simu ya Mjomba. Sikio akaiingiza kwenye programu ya muziki. Na, kaeni vizuri, ilifunguka!

Picha hiyo! Mama mkwe huyo mezani, na vijiko vyake, na mdomo wake mrefu.

Mkasi akapiga makofi. Mama Kata akamgusa Mjomba begani, jambo ambalo hajawahi kumfanyia binadamu yeyote mbele ya watu. Mjomba akainama kidogo kama mwanamuziki aliyemaliza onyesho.

"Hawa wa siku hizi," akasema, "wanasoma sana mpaka wanasahau kufanya."

Sikio akaicheza filamu tangu mwanzo. Dakika ya pili, sawa. Dakika ya tano mlango unabamizwa na ngoma inapiga papo hapo, sawa. Akaruka mpaka dakika ya thelathini na moja, kwenye kofi. Kofi hilo ndilo roho ya filamu: mama mkwe anasimama, anamzaba mkwewe mbele ya wageni, na Sikio alikuwa amelitungia pigo moja zito la ngoma, halafu kimya.

Mama mkwe akainua mkono. Akamzaba. Mkwe akashika shavu. Akageuza uso. Akaanza kulia.

Ndipo ngoma ikapiga: dum!

Mkasi akaangua kicheko. "Sasa huyu wa pili amepigwa na nani?"

"Huo ni muziki wako?" Mama Kata akauliza, na sauti yake ilikuwa imepoa vibaya.

"Ni wangu, Mama, ila..."

"Unachelewa."

Mjomba akashusha pumzi ya huzuni, kubwa kuliko mapafu yake. "Anavuta. Nimemwambia miaka sita, mpwa wangu unavuta. Ule wangu wa kwenye kabati, sitaki kujisifu..."

"Mkasi, weka ule wa kwenye kabati."

Mkasi akafungua laptopu. Kwisha, mngesema. Miaka sita mingine inaanza.

"Mama, nipe dakika tatu," Sikio akasema. "Nikishindwa nitakubebea laptopu mpaka kwenye gari."

"Mbili."

Sikio hakuomba mara ya pili. Akawarudisha dakika ya tano: mlango na ngoma, pamoja. Akawapeleka kwenye kofi: ngoma imechelewa sekunde mbili. Akawapeleka filamu inapotimiza saa moja kamili, mahali sahani inapovunjika: sekunde tano. Akawapeleka mwisho, mkwe anaondoka na sanduku lake, geti linafungwa, skrini inazima. Muziki ukaendelea kulia peke yake gizani kama mgeni asiyejua kuaga.

"Anayevuta anavuta popote," Sikio akasema. "Hapa kosa linakua, kama ndevu. Mwanzoni halipo, mwisho linaonekana. Mkasi, filamu ina urefu gani kwako?"

"Saa moja, dakika ishirini na nane, sekunde arobaini."

"Na hii ya Mjomba?"

Mkasi akainama kwenye skrini. Akafuta macho. Akainama tena. "Saa moja, dakika ishirini na nane... sekunde thelathini na tatu."

Mama Kata akageuka taratibu, mwili mzima, kama kabati linalohamishwa.

"Maestro. Sekunde saba za filamu yangu ziko wapi?"

"Zime..." Mjomba akameza mate. "Zimekonda."

"Zimekonda?"

"Katika kugeuza. Kitu kikigeuzwa kinakonda kidogo. Ni kawaida ya kiufundi."

Tunalinukuu neno kwa neno kwa faida ya wale waliopewa vyeti.

"Hiyo programu ya simu ina haraka," Sikio akasema. "Ikiona watu wamekaa kimya hawasogei, inatupa picha chache, inasema nani atajua. Kwenye simu hutajua. Lakini programu ya muziki inahesabu picha ishirini na tano kila sekunde, bila kuruka. Zikipungua, filamu inatangulia, muziki unabaki nyuma. Muziki haujachelewa, Mama. Filamu imekimbia."

Mama Kata alikuwa amebaki kwenye neno la mwanzo. "Inatupa pale watu wamekaa kimya?"

"Ndiyo."

"Filamu yangu yote ni watu kukaa kimya!"

Mjomba akaanza kuchunguza dari, kama aliyeambiwa sekunde zimejificha kule.

Saa ilikuwa nane na dakika hamsini na tano. Na sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mafundi wengi wa mji huu hupotelea. Kila mtu mle ndani aliamini kwamba programu ya muziki inahitaji filamu nzuri. Mama Kata aliamini, Mkasi aliamini, Mjomba aliamini na kufundisha. Sikio peke yake ndiye aliyejiuliza: nzuri ya nini?

Akafuta ile hesabu ya saa moja na dakika ishirini. Akaiambia mashine impe filamu yote, bila kupunguza hata picha moja, ishirini na tano kila sekunde, kwa mtindo wa zamani ambao programu yake inaujua. Lakini ndogo. Na mbaya. Mbaya kadiri inavyowezekana.

Mashine ikajibu: dakika kumi na mbili.

Wakasubiri. Asilimia nne. Asilimia tisa. Feni ilikuwa imezimwa kwa ajili ya kazi, jasho linawatiririka wote, hata miwani ya Mama Kata imepata ukungu.

"Nani anakunywa chai?" Mjomba akauliza kwa uchangamfu, mkono tayari kwenye birika la umeme.

"Mjomba," Sikio akasema, macho kwenye skrini, "birika hilo likiwashwa pamoja na kompyuta, umeme wa chumba unaanguka. Wewe ndiye uliyeniambia siku yangu ya kwanza kazini."

"Ah! Nimesahau."

"Lete hapa," Mama Kata akasema.

Akalichukua birika, akavuta kiti cha plastiki, akaketi, akalipakata. Dakika kumi na mbili nzima mwongozaji mashuhuri alikaa na birika mapajani, mkono mmoja juu ya kifuniko, anamtazama Maestro. Laiti Mkasi angekuwa na kamera.

Saa tisa na dakika kumi filamu ikafunguka. Mama Kata akasimama, nusura aangushe birika.

"Huyu ni nani? Mwigizaji wangu amepata pua ya mraba!"

"Nilijua," Mjomba akasema, akifufuka. "Ameiharibu. Ameiharibu filamu ya watu!"

"Mama, umewahi kushonewa nguo?" Sikio akauliza.

"Nimeshonewa kabla hujazaliwa."

"Fundi si anaanza kukata kwenye karatasi? Hakuna anayekwenda kwenye sherehe amevaa karatasi. Hii ni karatasi. Naitazama ili muziki ukae mahali pake. Ukishakaa, natoa muziki peke yake, bila picha. Mkasi anauweka chini ya ile filamu nzuri iliyo kwake. Filamu yako haitoki kwenye mashine hii hata kidogo."

Mama Kata akatulia. Kitu kilikuwa kinamzunguka kichwani, na kilipotua, kilitua kwa kishindo.

"Maestro, zile filamu zangu nyingine. Wewe ulikuwa unanirudishia filamu nzima. Picha na muziki. Kutoka kwenye mashine hii."

"Huduma kamili," Mjomba akasema, lakini kwa sauti ndogo.

"Ndiyo maana ile ya tatu ilionekana kama tumeipiga ndani ya bafu lenye mvuke! Watu waliniuliza kama ni sanaa. Nikawaambia ndiyo!"

Mkasi akajificha nyuma ya laptopu, mabega yanatetemeka.

Sikio hakuwa na muda wa kucheka. Akaenda kwenye kofi. Mama mkwe, sasa mwenye pua ya mraba, akainua mkono. Akazaba. Ngoma ikapiga papo hapo, dum! Mkasi akashtuka akajishika shavu lake mwenyewe.

Sahani, sawa. Mlango, sawa. Geti la mwisho, sawa kabisa, mpaka ule mlio mdogo wa chuma kugonga chuma.

Akatoa muziki peke yake. Faili moja la sauti, jepesi, lisilo na ubishi. Saa tisa na dakika thelathini Mkasi alikuwa ameshaliweka chini ya picha zake nzuri, na wote wanne wakajikusanya kwenye laptopu yake, hata Mjomba, aliyechungulia kwa pembeni.

Wakatazama kofi. Wakatazama mwisho. Mkwe anashuka ngazi na sanduku lake, hatazami nyuma, na ule wimbo wa mwisho wa Sikio unamsindikiza, kinanda kitupu, hatua kwa hatua.

Mama Kata hakusema "kata". Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena.

"Mkasi," akasema, "andika jina lake."

Jamani! Miaka sita, na lilikuwa jambo la maneno matatu tu.

Mkasi akafungua ukurasa wa majina. Akaandika neno Muziki, akaweka nukta mbili, akageuka. "Jina lako kamili, dada? Sikio hatuwezi kuandika, watadhani ni ugonjwa."

Sikio akafungua mdomo.

"Ngoja," Mjomba akasema.

Kile kikohozi cha adabu hakikuwepo. Ilikuwa sauti nyingine, ya chini, ambayo Sikio hakuwahi kuisikia chumbani humu.

"Kofi ni lako, mpwa wangu. Sahani ni zako, mlango ni wako, yote yako. Lakini ule wimbo wa mwisho, wa sanduku, si wako. Mimi naujua."

Mkasi akacheka. Mama Kata akacheka zaidi. "Maestro, zimekonda sekunde, sasa na aibu nayo imekonda?"

"Naujua."

"Basi upige." Mama Kata akaonyesha kinanda kilichokuwa pembeni ya chumba, kwa lile birika alilolishikilia bado. "Kaa hapo, upige."

Tukubali ukweli: hata sisi tulikuwa tumeshakunja miguu, tayari kwa burudani. Hakuna aliyewahi kumwona Maestro akigusa kinanda kwa kitu kingine zaidi ya kukipangusa vumbi wageni wakija. Sikio nusura amwonee huruma.

Mjomba akaketi. Safari hii hakualisha vidole. Akaviweka tu juu ya funguo, akafumba macho, akapiga.

Ulikuwa wimbo wenyewe. Noti kwa noti.

Ameukariri, Sikio akajiambia. Wiki tatu ameusikia ukutani, hata kasuku angeukariri.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo Sikio hakumwambia mtu. Wimbo ule haukuwa na mwisho. Wiki tatu ameutafuta mwisho wake, anaamka nao, anaosha vyombo nao, na haukuja. Ndiyo sababu pale getini aliufifisha tu, ukapotelea chini ya mlio wa chuma, na hakuna aliyejua.

Mjomba akafika pale getini. Hakufifisha. Akaendelea.

Mistari minne tu, myepesi, ikashuka mmoja baada ya mwingine kama mtu anayetua mzigo aliotoka nao mbali. Kisha ikaisha. Na sikio la Sikio, lile lililompa jina, likamwambia waziwazi: huo ndio mwisho wake, na ulikuwepo kabla yako.

Sikio akanyakua simu, akampigia mama yake, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Mama, sikiliza hapa. Niambie huu wimbo ni wangu au si wangu. Mjomba, rudia."

Mjomba akarudia. Hakufika hata mstari wa pili.

"Zima!" Mama akalia kwenye simu. "Kaka! Kaka, ni wewe? Uliniapia! Uliniapia wimbo huo hutaugusa tena mpaka afunguliwe!"

Vidole vya Mjomba vikabaki juu ya funguo.

"Afunguliwe?" Mama Kata akasema. "Nani kafungwa?"

"Mama?" Sikio akaita. "Mama, afunguliwe nani?"

Kwenye simu kulikuwa na kilio tu. Ukutani saa ilionyesha tisa na dakika arobaini na tano.

Mjomba akainuka. Akapita katikati yao bila kumtazama mtu, akainama juu ya bega la Mkasi, na mbele ya zile nukta mbili akaandika jina, polepole, herufi moja moja, kwa kidole kimoja. Halikuwa lake. Halikuwa la mpwa wake.

Sikio akalisoma mara mbili.

Lilikuwa jina la baba yake, yule ambaye tangu akiwa mdogo ameambiwa kwamba alikufa kabla yeye hajazaliwa.